Milioni 10 zilikusanywa, laki 4 zikafika: kisa cha mbio za watoto wa siko seli hapa Mwanza

Mwaka wa kwanza wa hizi mbio ilitangazwa kwamba zimekusanywa shilingi milioni 10 na nusu kwa ajili ya watoto wenye siko seli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, na kilichowafikia watoto wenyewe kilikuwa cha laki 4. Hakuna mtu aliyeiba. Nalisema hili mapema kwasababu kila nikisimulia hiki kisa mtu anakimbilia kuuliza nani kala, na jibu ni kwamba hela zote zina risiti, nimezipitia moja moja, na ndo maana kinaniuma zaidi, maana wizi ungekuwa rahisi, unamtoa mtu unaweka mwingine. Hapa watu wenye nia safi kabisa waliandaa mbio zikapendeza, na hela ikaishia kwenye mbio.

Klabu yenyewe ni ya jogging, ya upande wa Ilemela, jina naliacha. Ni zile klabu za kawaida za huku, watu wanakutana Jumamosi alfajiri wanatoka Pasiansi mpaka Kona ya Bwiru wanarudi, kuna mwalimu, kuna fundi gereji, kuna mama lishe, kuna vijana wa benki, wakimaliza wananyoosha viungo wanapiga picha wanaenda kunywa supu. Mwanachama mmoja ana mpwa wake mwenye siko seli, akaleta hoja kwenye grupu la WhatsApp kwamba kwanini tusiandae mbio, hoja ikapokelewa kwa shangwe, ndani ya wiki kuna kamati, kuna nembo, kuna tarehe. Tarehe waliichagua vizuri, Jumapili iliyo jirani na 19 Juni ambayo ni siku ya siko seli duniani tangu Umoja wa Mataifa uipitishe mwishoni mwa 2008. Njia nayo nzuri, kilomita 10 unaanzia viwanja vya Furahisha, unashika Makongoro mpaka mjini, unapita kwenye jiwe la Bismarck unazunguka Capri Point unarudi, na kilomita 5 kwa wale pumzi fupi.

Mimi kwenye ile kamati sikuwepo. Shughuli yangu ni mahesabu, na mbio zilipoisha mwenyekiti akanipigia, "mdogo wangu, hebu njoo utusaidie kufunga vitabu, watu wameanza kuuliza maswali".

Sasa vitabu vilisema hivi. Wakimbiaji 300 kwa ada ya 25,000 ni milioni 7 na nusu, duka moja la vifaa vya ujenzi likadhamini milioni 3, jumla ndo hiyo 10 na nusu. Tisheti zilichapishwa 350 kwa 12,000 kila moja, hapo tayari milioni 4 na laki 2 imeondoka, medali 300 kwa 4,000 ni milioni 1 na laki 2, jukwaa na mahema na muziki na MC milioni 1 na laki 8, zawadi za washindi milioni 1 na nusu, chakula cha wageni waalikwa laki 9, alafu vibali, maji, namba za kifuani na gari la wagonjwa vyote kwa pamoja laki 5. Ukijumlisha unapata milioni 10 na laki 1. Hiyo laki 4 iliyobaki wakanunua sabuni, juisi na mablanketi wakapeleka wodini, picha zikapigwa zikazunguka mitandaoni na maneno "zaidi ya milioni 10 kwa watoto wetu".

Ukiuangalia kila mstari peke yake hauoni kosa. Nani anakimbia mbio za hisani bila tisheti? Mgeni rasmi akija utamkalisha juani? Tatizo linakuja ukiisoma karatasi yote kwa pamoja na kujiuliza mkimbiaji aliyetoa 25,000 amempa mtoto shilingi ngapi, unagawa laki 4 kwa watu 300 unapata 1,333. Yaani mtu amelipa elfu 25 akiamini anamsaidia mtoto, elfu 1 na kidogo ndo imefika, na amerudi nyumbani na tisheti na medali ambavyo yeye mwenyewe ndo kavinunua.

Walichofanya ni kuiga mbio kubwa. Sote tumeona mbio za CRDB zilivyoanza 2020 na kuchangia upasuaji wa moyo wa watoto pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ni jambo zuri sana na sina la kulipinga, ila zile zina benki nyuma yake. Klabu ya mtaani haina benki nyuma yake, ina ada ya mkimbiaji tu, na ada hiyohiyo inatakiwa inunue tisheti, ilipe MC, imlishe mgeni rasmi na ibaki ya mtoto. Haiwezi.

Kuna jambo la siku ile ambalo kwenye vitabu halipo. Watoto kama 20 wenye siko seli walialikwa na mama zao, wakavalishwa tisheti, wakapangwa mbele ya jukwaa waimbe wimbo mgeni rasmi akifika. Mbio zilitakiwa kuanza saa 12 na nusu asubuhi. Mgeni rasmi akafika saa 2 na robo. Wale watoto alfajiri walipigwa na upepo wa ziwa, na Juni alfajiri pale karibu na maji pana baridi kweli, alafu jua likatoka wakapigwa na jua, na kuna waliokuwa hawajanywa maji tangu walipotoka nyumbani. Sasa mtu yeyote anayelea mtoto wa siko seli anajua ukitaka kuamsha maumivu fanya hivohivo, mpe baridi, mnyime maji, msimamishe muda mrefu. Usiku ule binti mmoja wa miaka 7 alilazwa. Mama yake anauza dagaa Mwaloni pale Kirumba, nilienda kumsalimia baada ya kusikia, nikamkuta amekaa kitandani na mtoto miguuni, hakulalamika hata kidogo, aliniambia tu "kaka, mwakani mkituita mtuambie na saa ya kweli".

Hapo ndo nikaanza kuusoma huu ugonjwa vizuri, maana niliona hatuwezi kupanga hela ya kitu tusichokijua. Seli nyekundu za damu kwa mtu wa kawaida ni za duara na laini, zinapita popote, zinaishi siku kama 120. Kwa mtoto wa siko seli hemoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, ikiachia oksijeni inashikana, seli inakakamaa na kupinda mfano wa mundu, haipiti kwenye mishipa midogo, inakwama, na popote ilipokwama pale panauma na panakosa damu. Alafu hizo seli zenyewe hazidumu, siku 10 mpaka 20 zimekufa, ndo maana mtoto anaishiwa damu kila mara na macho yanakuwa ya njano. Kichanga dalili zinaanza kuonekana miezi 6 hivi, vidole na nyayo vinavimba mama anadhani kaumwa na mdudu. Bandama inaharibika mapema kwahiyo mwili unashindwa kupigana na bakteria, homa ndogo inageuka kubwa ndani ya saa chache. Na wapo wanaopata kiharusi, mtoto wa darasa la pili anapooza upande mmoja.

Na Kanda ya Ziwa hili ni letu. Tanzania inakadiriwa kuzaliwa watoto 11,000 hivi kila mwaka wenye siko seli, tuko kwenye nchi za juu kabisa duniani, na watafiti wa hospitali ya Bugando hapa Mwanza walipopima damu za vichanga wa mikoa ya kaskazini magharibi, sampuli zaidi ya 17,000, matokeo yakachapishwa 2018, walikuta karibu kichanga 1 kati ya 5 ni mbebaji wa vinasaba na zaidi kidogo ya 1 kati ya 100 ana ugonjwa wenyewe. Mbebaji sio mgonjwa, ana nakala moja tu ya kinasaba kutoka kwa mzazi mmoja, wengi wanazeeka bila kujua. Ila wabebaji wawili wakioana kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mgonjwa. Kwanini huku ni wengi hivi, ni malaria. Daktari mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alipita kupima damu za watu mwaka 1949 akaona pwani na huku Ziwa Victoria wabebaji ni wengi mno wakati nyanda za juu karibu hawapo, 1954 akachapisha kwamba mbebaji ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Kwahiyo kinasaba kilichowaokoa mababu zetu na mbu wa hili ziwa ndo hichohicho kinawaumiza wajukuu. Nimewaambia hili mama wengi maana kuna mama wanabebeshwa lawama ukweni kwamba wao ndo wameleta mkosi, na mtoto mgonjwa amerithi kwa wazazi wote wawili, baba na mama, sawasawa.

Cha muhimu kwa hiki kisa lakini ni dawa. Wataalamu walikadiria kwamba Afrika bila huduma zaidi ya nusu ya hawa watoto walikuwa hawafiki miaka 5, na vitu vinavyobadilisha hilo sio vya ajabu. Kipimo mapema, siku hizi kuna cha tone la damu unapata jibu hapohapo. Penisilini ya vidonge asubuhi na jioni mpaka mtoto afike miaka 5, utafiti wa Marekani wa 1986 ulionyesha inapunguza maambukizi makali kwa asilimia 84. Foliki asidi, chandarua, chanjo. Na haidroksiyurea, dawa ambayo inaurudisha mwili kutengeneza ile hemoglobini ya kichanga isiyopinda, na 2019 utafiti uliofanyika Kenya, Uganda, Kongo na Angola ulionyesha watoto wanaoimeza wanapata maumivu machache, wanaongezewa damu mara chache, hata malaria inapungua na vifo vinapungua. Hapahapa Bugando pia ilifanyiwa utafiti kwa watoto waliopimwa mishipa ya kichwa wakaonekana wako kwenye hatari ya kiharusi.

Sasa sikiliza, hii dawa ni ya kila siku. Kila siku, miaka na miaka, na unapima damu mara kwa mara daktari arekebishe dozi. Ukiacha, baada ya muda faida inaondoka. Hapo ndo nikaelewa kwanini yale mablanketi yaliniuma: mtoto anahitaji kitu kidogo kila mwezi na sisi tunamletea kitu kikubwa cha asubuhi moja, alafu tunaondoka mpaka mwakani. Dodoma pale hospitali ya Benjamin Mkapa wameanza kupandikiza uloto wa mifupa na watoto wanapona kabisa, Mungu awabariki, ila hiyo inahitaji ndugu ambaye uloto wake unalingana na wa mtoto na fedha ambayo klabu ya jogging haiwezi hata kuiota, kwahiyo sisi saizi yetu ni dawa ya mwezi.

Niliandika haya yote kwenye ripoti ya kurasa 4 nikaipeleka kwenye kikao. Kilikuwa kikao kigumu. Mwenyekiti, mzee ninayemheshimu sana, alisema "mdogo wangu umeandika kweli tupu, lakini ukiondoa tisheti na mgeni rasmi nani atakuja?" na lilikuwa swali la haki kabisa. Nilichojibu ni kwamba sisi watu wa huku tunajua kuchangisha kuliko mtu yeyote, tena bila tisheti. Harusi ya mtu asiye na kitu inapata milioni 8. Inapataje? Kamati, kadi, ahadi, mweka hazina anayekumbusha bila aibu. Hakuna anayelipa kiingilio cha harusi mlangoni, watu wanaahidi mapema kwasababu mtu wanayemfahamu amewaomba uso kwa uso.

Na sikuwa nabuni kitu. Mbio za hisani zilizokusanya hela nyingi duniani zinaenda hivohivo. London Marathon tangu 1981 imepitisha zaidi ya pauni bilioni 1 kwenda kwenye hisani, na sehemu kubwa inatoka kwa mkimbiaji anayezunguka kwa ndugu na wafanyakazi wenzake akisema nakimbia kwa ajili ya kitu fulani nichangieni. Terry Fox, yule kijana wa Kanada aliyekatwa mguu kwa kansa ya mfupa akiwa na miaka 18, alianza kukimbia kuvuka nchi Aprili 1980 na mguu wa bandia, karibu kilomita 42 kwa siku, kwa siku 143 mpaka kansa ilipomrudia kwenye mapafu. Aliomba kila Mkanada dola 1. Kufika Februari 1981 zilikuwa zimepita dola milioni 24, sawa na idadi ya watu wa nchi yake. Alifariki Juni mwaka huo akiwa na miaka 22, na mbio za kumkumbuka zinazofanyika mpaka leo hazina ada ya kuingia wala hazina mshindi. Nilipowasomea hilo kikao kilinyamaza kidogo alafu mwanamama mmoja muuza vitenge akasema "basi tuchapishe kadi", na kadi zikachapishwa.

Mwaka wa pili ukawa hivi. Ada 10,000, hakuna tisheti, anayetaka ainunue kwa bei yake na faida inaenda kwenye mfuko. Hakuna medali, hakuna jukwaa, hakuna mgeni rasmi, zawadi kwa washindi hamna. Kila mkimbiaji anapewa kadi ya ahadi ina mistari 20, jina, kiasi, amelipa au bado, na lipa namba ya akaunti ya mfuko ambayo iko mbali na akaunti ya klabu na ina waweka saini watatu, mmoja wao mzazi wa mtoto mgonjwa. Kabla ya kuchapisha hata karatasi moja tulikaa na nesi wa kliniki na duka la dawa tukauliza mtoto mmoja mwezi mmoja ni shilingi ngapi, dawa, kipimo cha damu na nauli, ikaja wastani wa 35,000. Hiyo ndo ikaandikwa juu ya kadi kwa herufi kubwa. Mtu anayeombwa anajua elfu 35 ni mwezi wa mtoto mmoja, na nimeona kwa macho yangu watu waliokuwa wanataka kutoa elfu 5 wakaandika 35 kwasababu wanaona inakamilisha kitu.

Walikuja wakimbiaji 140. Kutoka 300. Siwezi kuficha kwamba asubuhi ile pale Furahisha palionekana peupe na mwenyekiti alikuwa mnyonge. Ada zikaleta milioni 1 na laki 4 zikatosha kulipia maji, vibali, namba na wahudumu wa afya, hapo tukabaki sifuri, sawa kabisa kama ilivyopangwa. Kadi zikaleta ahadi za milioni 9. Ahadi sio hela, kila aliyewahi kuwa mweka hazina wa harusi anajua, mpaka miezi miwili baadaye zilikuwa zimelipwa milioni 6 na laki 3, zingine nadhani hazitakuja. Lakini hizo milioni 6 na laki 3 zote, shilingi hadi shilingi, ni za watoto.

Sehemu iliyobishaniwa zaidi ilikuwa wangapi. Ukigawa kwa haraka 6,300,000 kwa 35,000 kwa miezi 12 unapata watoto 15 na kamati ilitaka 15, namba inapendeza kutangaza. Mimi na nesi tulikataa. Ukichukua 15 hela inaisha siku mbio za mwakani zinapofanyika, na ahadi za mwakani zinachukua miezi kulipwa, kwahiyo kuna kipindi dawa inakatika, na kumwanzishia mtoto dawa alafu kuikata naona ni bora usingemwahidi. Tukachukua 12, hao wanakula milioni 5 na elfu 40 kwa mwaka, inabaki milioni 1 na laki 2 na elfu 60 ambayo ni miezi mitatu ya akiba kwa walewale 12. Watatu waliobaki nje majina yao wanayo kliniki, na hilo linauma, tuliwajua. Kuchagua nani aingie hatukugusa sisi, tuliwaachia kliniki waangalie hali ya mtoto na kama ana bima au hana, na kwenye grupu hakuna jina wala picha ya mtoto inayowekwa, zinawekwa risiti za duka la dawa tu kila mwisho wa mwezi.

Duka linalipwa moja kwa moja. Nauli lakini anapewa mama mkononi, na hapa nilibishana na wanaosema akina mama watakula hiyo hela. Kati ya wale 12 wawili wanatoka Ukerewe. Mama anatoka kijijini anapanda bodaboda mpaka Nansio, anapanda meli, anafika Mwanza mchana, kliniki imeshapita, analala kwa ndugu kama anaye, kesho ndo anamwona daktari alafu anarudi. Dawa ingekuwa bure kabisa bado huyu angekosa miezi. Tulipoanza kumpa nauli na ya kulala hajakosa kliniki hata moja, na mtu akiniambia kwamba siku moja katumia elfu 3 ya nauli kununua uji wa mtoto njiani namuuliza ulitaka anunue nini.

Kuna hili la wakimbiaji wenyewe ambalo naona waandaaji wengi hawalifikirii. Mwaka wa kwanza kijana mmoja, mzima, anayecheza mpira, alianguka kwenye kile kilima cha Capri Point. Jua limeshawaka kwasababu ya ule ucheleweshaji, alikuwa amekimbia kwa nguvu zote bila maji, misuli ya mapaja ikakaza, mkojo ukatoka wa rangi ya chai nzito. Alilazwa, figo zikaangaliwa, akapona vizuri, na alipopimwa damu akakutwa mbebaji. Alikuwa hajui. Sasa fikiria, kama huku mtu 1 kati ya 5 ni mbebaji, kwenye mbio za watu 300 za kuchangia siko seli unaweza kuwa na wabebaji 60 barabarani na wengi hawajijui. Sitaki kumtisha mtu, mbebaji anakimbia, anacheza, anashinda. Utafiti wa wanajeshi weusi wa Marekani karibu 48,000 uliochapishwa 2016 ulikuta wabebaji hawafi zaidi ya wenzao, ila misuli kuharibika kwa kujikaza kupita kiasi, kama ilivyomtokea huyu kijana, ilikuwa juu kwa kama asilimia 54, na lile jeshi lilikuwa tayari na taratibu za maji na mapumziko kwa kila askari. Vyuo vikuu vya huko Marekani vilianza kupima wachezaji 2010 baada ya kijana mmoja wa Rice University kuanguka mazoezini na kufariki 2006. Sisi hatukumpima wala kumzuia mtu, tuliweka maji kila kilomita 2, tukaanza saa 12 na nusu kweli bila kumsubiri yeyote, na kwenye kadi tukaandika kwamba misuli ikikaza ghafla au ukiishiwa nguvu usijikaze, simama, kunywa, ita mhudumu. Kwa mbio za mwaka ujao tunaongea na kliniki kama anayetaka anaweza kupimwa siku ya kuchukua namba.

Watoto nao walikuja mwaka wa pili, waliotaka. Saa 3, wakati baridi imeisha, kivulini, na maji na sweta, wakatembea kilomita 1 na wazazi wao kwa mwendo wao, hakuna wimbo. Yule binti wa Mwaloni alitembea nusu akabebwa nusu. Mama yake alikuja na kadi ya ahadi aliyoijaza mwenyewe kwa wauza dagaa wenzake, mistari yote 20, elfu 1 elfu 2 elfu 5, na imelipwa yote. Hakuna kadi nyingine kwenye mbio zile iliyolipwa asilimia 100.

Kuchangia damu tulikufanya wiki mbili kabla ya mbio, na Damu Salama, ule mpango wa taifa wa damu, kwasababu huwezi kumtoa mtu damu alafu akimbie kilomita 10 palepale. Wanaume wanaruhusiwa kila miezi 3 na wanawake kila miezi 4, kwahiyo klabu imeweka ratiba na hili naona ndo rahisi kuliko yote, halihitaji hata kamati.

Yasiyoisha yapo. Lile duka la vifaa halikurudi, mwenye duka alisema wazi bila tisheti nembo yake itaonekana wapi, na mwenyekiti bado anaamini tungepata wadhamini na kadi vyote kwa pamoja. Inawezekana. Mimi msimamo wangu ni mdhamini aje alipie maji na wahudumu moja kwa moja, nembo yake iwekwe kwenye meza ya maji, na asiguse ratiba. Hatujakubaliana.

Na kuna kijana mmoja kati ya wale 12 anatimiza miaka 18 mwezi wa pili. Mfuko umeandikwa wa watoto. Nusu ya kamati wanasema katiba ni katiba, nafasi yake apewe mmoja wa wale watatu walioko kwenye orodha, na siwezi kusema hawana hoja. Lakini huyu ameanza dawa kwa ahadi yetu, mwaka huu hajakosa shule hata wiki moja, na damu yake haisomi katiba. Kura ni kikao cha Jumamosi baada ya jogging. Yangu ni abaki mpaka apate bima, na hao watatu tuwatafutie kadi tatu zaidi kabla ya Juni, ya kwanza naijaza mimi.